Cherehani Hii Ni ya Nani?

Wasikilizaji wapenzi, mlio majumbani na mlio njiani: ninyi mliokwama ndani ya matatu katika msongamano wa Waiyaki Way, ninyi mnaofunga vibanda vyenu Kangemi na Kawangware, na ninyi akina mama na akina baba mnaonisikiliza huku mikono ikiwa bado kazini, mazungumzo yetu ya leo ni juu ya vita vya mafundi wa nguo dhidi ya mashine, vita vilivyopiganwa mbali na zamani. Walakini msidhani kwamba kwa kuwa ni vya mbali havituhusu, kwani kabla sijamaliza nitakuwa nimekwisha kuwatoa Uingereza na kuwarejesha hapa hapa Nairobi, na njiani tutapita pwani, na tutapita Kericho.

Nianze kwa swali jepesi. Nani kati yetu tuliolelewa katika jiji hili hajapata kusimama mbele ya fundi wa nguo akapimwa kwa utepe, mabega, kifua na urefu wa mkono, huku fundi akiandika hesabu zake kwa kalamu ya risasi juu ya kipande cha karatasi? Ukipita Biashara Street, mtaa uliojulikana zamani kama Bazaar ya Wahindi, utawaona mafundi hawa barazani mwa maduka ya kanga na vikoi na vitambaa vya pazia. Ukishuka River Road utawakuta katika ngazi na vichochoro. Na ukielekea magharibi, Kenyatta Market, Dagoretti Corner, Kawangware, Kangemi hadi Uthiru, utawakuta chini ya mabati, cherehani ikiwa imeelekezwa mlangoni ili mwangaza uiangukie sindano.

Mtazame mmoja wao tu, umtazame vizuri. Miguu yake iko juu ya kanyagio la chuma, kisigino kikishuka vidole hupanda, na mkanda wa ngozi unalizungusha gurudumu. Mkono wa kushoto unakiongoza kitambaa, na wa kulia uko tayari kulishika gurudumu pale pindo litakapofika konani, kwa maana kona haikubali haraka. Akifika hapo huisimamisha sindano ikiwa imezama ndani ya nguo, akauinua mguu wa mashine, akakigeuza kitambaa, akaushusha tena, kisha akaendelea kana kwamba hapakuwa na kona. Maarifa hayo hakuyapata kwa siku moja wala kwa mwezi mmoja, na ndiyo mali yake, ndiyo karo ya watoto wake, ndiyo kodi ya chumba na unga wa jioni.

Sasa nitawaambia jambo ambalo huenda likawastaajabisha baadhi yenu. Cherehani hii, ambayo leo ndiyo rafiki mkubwa wa fundi maskini, katika siku zake za mwanzo ilivunjwavunjwa, na walioivunja ni mafundi wa nguo wenyewe. Alikuwapo Ufaransa fundi mmoja jina lake Barthélemy Thimonnier, ambaye mwaka 1830 alipata hati ya serikali ya kuthibitisha kwamba mashine ya kushonea ni uvumbuzi wake, na punde si punde kikafunguliwa kiwanda mjini Paris chenye mashine 80, zote zikishona sare za askari. Mwaka 1831 mafundi wa mji ule, waliokuwa wakishona kwa mkono na wakiishi kwa sindano, waliliendea jengo lile kwa kundi, wakaingia, wakaziharibu. Thimonnier mwenyewe alifariki mwaka 1857 akiwa fukara.

Basi niambieni, kwa nini fundi wa Paris aliivunja cherehani, ilhali fundi wa Kangemi huitia mafuta kila asubuhi na kuifunika kila jioni? Je, yule wa Paris alikuwa mjinga, na huyu wetu ndiye mwerevu? Hasha. Mashine zile 80 zilikuwa katika nyumba ya watu wenye mtaji, zimepangwa safu, zikitimiza kandarasi ya serikali, na fundi wa mjini hakuwa na hata skrubu moja ndani yake. Alichokiona ni kwamba kazi iliyokuwa ikimfikia nyumbani kwake haitamfikia tena. Cherehani ya Kangemi ni ya fundi mwenyewe, na kila mshono unaopita chini ya sindano ile humletea yeye ujira. Yaliyobadilika katikati ya Paris na Kangemi ni umilikaji. Kampuni ya Singer ya Marekani ilipoanza, tangu mwaka 1856, kuuza cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo, mtu asiye na mtaji aliweza kuwa na mashine yake nyumbani, akailipia huku akishona.

Shikeni maneno haya, wasikilizaji wapenzi, kwa kuwa nitayarudia: mashine inapoingia katika kazi ya watu, yatupasa tuulize ni ya nani, faida yake inaingia mfuko gani, na yule ambaye riziki yake inaguswa aliulizwa au hakuulizwa. Mashine ni ya nani, faida inakwenda wapi, nani aliulizwa. Kwa maswali hayo twende sasa Uingereza.

Ulikuwa mwaka 1811, katika jimbo la Nottingham. Nchi ilikuwa vitani na Napoleon, biashara ya ng'ambo imezibwa, mkate umepanda bei, na mafundi wa kufuma soksi walikuwa wakilala na njaa. Watu hawa walikuwa wakitumia mashine tangu enzi za mababu zao: mashine ya kufumia soksi iliundwa na William Lee, mtu wa Calverton katika jimbo lilo hilo, mwaka 1589, yaani zaidi ya miaka 200 kabla ya vurugu hizi. Fundi wa Nottingham alizaliwa akisikia mlio wa mashine ile nyumbani kwao, akajifunza juu yake, na akatarajia kumwachia mwanawe kazi hiyo hiyo. Basi atakayekuambia kwamba watu wale waliogopa mashine kwa kuwa hawakuizoea, mwambie akasome tena.

Dhuluma iliwajia kwa njia tatu. Kwanza, wengi wao hawakuzimiliki mashine zile, bali walizikodi kwa matajiri, na kodi ilikatwa kila juma hata kama kazi yenyewe haikuwapo. Pili, matajiri walianza kuwaajiri vijana wasiopitia uanafunzi wowote, ili wapate kulipa ujira mdogo. Tatu, na hili ndilo lililowauma zaidi kama mafundi, paliingia mtindo wa kufuma kitambaa kipana kwa mashine kubwa, kisha kukikata kwa mkasi kwa umbo la mguu na kukishona. Wewe fundi unayenisikiliza wajua maana yake. Soksi iliyofumwa sawasawa ina ukingo wake pande zote, uzi unarudi na kujifunga wenyewe. Ile iliyokatwa haina ukingo, na mshono ukilegea kidogo tu nyuzi zinaachana, soksi yote inafumuka mguuni mwa mnunuzi. Na mnunuzi akimlaani mtu, hamlaani tajiri. Huwalaani mafundi wa Nottingham kwa jumla, na soko lao wote huharibika kwa uchoyo wa wachache.

Tarehe 11 Machi 1811, katika kijiji cha Arnold, usiku, mashine zilivunjwa, na miezi iliyofuata moto huo ukaenea vijiji kwa vijiji. Barua zilitumwa kwa matajiri zikiwa na sahihi ya Ned Ludd, ambaye wengine walimwita Jenerali na wengine Mfalme, mtu ambaye hakuna aliyepata kumwona kwa macho, kwa sababu hakuwapo. Nami nataka mlisikie hili vizuri, maana wengi huliruka: watu wale walichagua. Waliingia katika nyumba moja yenye mashine kadhaa, wakaivunja ya tajiri aliyepunguza ujira, na ya tajiri aliyelipa kwa haki wakaiacha imesimama bila ya mkwaruzo. Mtu aliyeshikwa na wazimu wa kuchukia chuma hachagui. Huchagua mtu mwenye madai, na mwenye madai ana haki ya kusikilizwa.

Je, hawakujaribu kwanza kusema kwa ulimi? Walijaribu. Kaskazini kidogo, katika jimbo la Yorkshire, walikuwapo mafundi wa kukata manyoya ya kitambaa cha sufu ili kitambaa kiwe laini, kazi waliyoifanya kwa mkasi mkubwa wa chuma ambao uzito wake ulifika kilo 18 na zaidi, kazi ya nguvu na ya ustadi pamoja, na walilipwa vizuri kwayo. Zilikuwapo sheria za kale, za karne ya 16, zilizopiga marufuku baadhi ya mashine katika kazi ya sufu, nao wakachangishana fedha, wakaweka mawakili, wakapeleka maombi Bungeni ili sheria zile zitekelezwe. Bunge lilizisimamisha kwanza, mwaka 1803, na mwaka 1809 likazifuta kabisa. Aidha, sheria za mwaka 1799 na 1800 zilikuwa zimekwisha kuharamisha vyama vya wafanyakazi, kwa hiyo mafundi wawili wakikaa pamoja kudai nyongeza ya ujira walikuwa wahalifu. Mlango wa Bunge ukafungwa, na mlango wa chama ukafungwa. Nawauliza ninyi, ni mlango gani uliobaki?

Kulikuwa na mhunzi katika kijiji cha Marsden, jina lake Enoch Taylor, ambaye yeye na nduguye waliziunda mashine mpya za kukatia manyoya ya sufu. Katika karakana iyo hiyo zilifuliwa nyundo kubwa, na mafundi walipozipata nyundo zile walizipa jina la mhunzi, wakaziita Enoch. Kwa hizo walikwenda kuzivunja mashine zake. Usiku wa tarehe 11 Aprili 1812 walikishambulia kiwanda cha Rawfolds, cha William Cartwright, wakapigwa risasi kutoka ndani, na wawili wao wakafa kwa majeraha. Majuma mawili baadaye mwenye kiwanda mmoja, William Horsfall, aliuawa kwa risasi njiani akirudi nyumbani. Mimi siwezi kulisifu tendo hilo, na sitalisifu: mtu aliyevizia njia akamtoa mwenzake roho amekwisha kuiacha haki yake nyuma, hata kama alianza nayo.

Walakini tazameni pia jibu la dola. Askari wapatao elfu 12 walipelekwa katika majimbo yale, na Bunge likapitisha mwaka 1812 sheria ya kwamba kuvunja mashine ya kufumia adhabu yake ni kifo. Mshairi Lord Byron, kijana wa miaka 24, alisimama tarehe 27 Februari mwaka huo katika Baraza la Malodi, hotuba yake ya kwanza pale, akaipinga sheria hiyo na kuwaeleza wenzake kwamba kilichowasukuma watu wale ni ufukara uliopita kiasi, na fukara hatibiwi kwa kitanzi. Hawakumsikia. Januari 1813, mjini York, watu 17 walinyongwa.

Hiyo ndiyo hikaya ya Uingereza, wasikilizaji wapenzi, nami nimeisimulia kwa marefu kwa kuwa mara nyingi husimuliwa kwa kejeli. Turejee sasa kwetu, na tuanzie pwani.

Mnajua kwamba pwani yetu ilikuwa na wafumaji wake? Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba nguo zinazofumwa katika mji ule hazina mfano, na kwamba husafirishwa hata Misri. Kule Kilwa, wachimbuzi wa mambo ya kale wameokota ardhini vigurudumu vya udongo vilivyotobolewa katikati, ambavyo wanawake na wanaume wa zama hizo walivitumia kusokotea uzi wa pamba. Bara nako, Ufipa, Unyamwezi na bonde la Rufiji, watu walifuma pamba yao wenyewe. Ndipo zilipokuja, katika karne ya 19, nguo za viwanda. Sayyid Said, mtawala wa Unguja, alitiliana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na merikebu za Salem, Massachusetts, zikaja Unguja zikiwa zimesheheni ile nguo nyeupe nzito tuliyoiita merikani. Baadaye zikafuata za Manchester na za Bombay. Merikani ikaenea bara kwa misafara hata ikawa kama fedha, watu wakinunua kwayo chakula na kulipia ushuru wa njia.

Mfumaji wa Ufipa hakuinua nyundo. Angeiinua juu ya nini? Mashine iliyomwondolea kazi ilikuwa ng'ambo ya bahari mbili, katika mji ambao hakulijua jina lake. Kilichomfikia kilikuwa ni mzigo tu kichwani mwa mpagazi, na bei ambayo yeye hakuweza kuishindania. Aliviweka chini vyombo vyake, akaenda kulima, na watoto wake hawakujifunza kufuma. Katika misiba yote ya kazi huu naona ndio mzito zaidi, kwa kuwa hakuna aliyeuandika, hakuna Bunge lililouzungumza, na hakuna jenerali hata wa kubuniwa aliyetia sahihi barua kwa niaba ya mfumaji yule. Na mambo kama hayo yalitupata tena katika umri wetu: katika miaka ya 1990 soko letu lilipofunguliwa, na mitumba ikamiminika, viwanda vyetu vya nguo, kama Kicomi cha Kisumu na Rivatex cha Eldoret, vilididimia, na maelfu wakarudi mashambani. Nasema hivyo bila ya kuwalaumu ndugu zetu wa masoko ya Toi na Gikomba wanaopata riziki kwa mitumba hiyo. Wao nao wana watoto.

Sasa tuingie Nairobi yenyewe. Wakati wa ukoloni, fundi wa nguo wa jiji hili alikuwa Mwafrika au Mhindi, akishona kwa ujira wa kipande, leo kazi ipo kesho haipo. Tarehe 1 Mei 1949 liliundwa hapa Nairobi Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Afrika Mashariki, Fred Kubai akiwa rais wake na Makhan Singh katibu wake, Makhan Singh yule aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake. Na miongoni mwa vyama vichache vilivyoliunda shirikisho hilo, pamoja na cha madereva, cha wachapaji na cha washona viatu, kilikuwapo chama cha mafundi wa nguo. Serikali ilikataa kuliandikisha. Machi 1950 Nairobi ilipewa hadhi ya jiji kwa hati ya Mfalme, na viongozi hawa wakawaambia watu wasishiriki sherehe hizo. Tarehe 15 Mei Kubai na Makhan Singh walikamatwa, na kesho yake mji ukagoma. Kwa muda wa siku tisa hivi kazi zilisimama, na mojawapo ya madai ilikuwa mshahara usiopungua shilingi 100 kwa mwezi. Makhan Singh hakuachiliwa mpaka mwaka 1961. Mwaona basi kwamba mlango ule uliofungwa Uingereza mwaka 1799, mlango wa chama, ulifungwa na hapa kwetu pia, na walioubisha walikuwa ni pamoja na watu wa sindano na uzi.

Msikilizaji mmoja ataniuliza: lakini je, sisi Wakenya tumepata kuvunja mashine? Ndiyo, tumepata, na si zamani. Chai unayoinywa asubuhi kabla ya kupanda matatu, huenda majani yake yametoka Kericho, na majani hayo kwa miaka mingi yalichumwa kwa mikono, majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni. Kisha zikaletwa mashine za kuchumia. Oktoba 2010 wafanyakazi wa mashamba ya chai, chini ya chama chao cha wafanyakazi wa mashamba na kilimo, waligoma kwa ajili ya mashine hizo. Mashine zikaendelea kuja. Kamati iliyoundwa na serikali ya kaunti ya Kericho ilipotoa taarifa yake mwaka 2023, ilisema kwamba katika muda wa miaka kumi kaunti ile peke yake ilikuwa imepoteza kazi elfu 30 kwa sababu ya mashine. Na mwezi wa Mei mwaka huo huo, katika mashamba ya kampuni ya Ekaterra, umati ulizitia moto mashine kadhaa. Polisi wakaja, watu wakajeruhiwa, na mmoja akafa.

Nilipozisikia habari zile nilikumbuka Yorkshire mara moja. Kwanza mgomo na majadiliano, kisha miaka ya kungojea, kisha moto, kisha bunduki. Miaka 200 imepita, ngozi za watu ni nyingine, zao ni jingine, walakini mpangilio ni ule ule. Nami nayarudia maswali yangu: mashine zile zilikuwa za nani? Faida ya kila kilo iliyochumwa kwa bei nafuu iliingia mfuko gani? Na yule mama wa Kericho aliyechuma chai kwa miaka 20, mgongo wake ukapinda kwayo, aliulizwa lini? Moto ule siusifu, kama nisivyoisifu risasi iliyomwua Horsfall. Mtu amekufa, na kazi hazikurudi. Lakini wenye mashamba na serikali waliokuwa na miaka 12 na zaidi baina ya mgomo na moto wana jambo kubwa zaidi la kujibu kuliko kijana aliyewasha kiberiti.

Na kama wewe uliye ofisini unadhani haya ni ya watu wa mashamba na wa barazani tu, ukumbuke kwamba tarehe 1 Mei 2023, mwezi huo huo wa moto wa Kericho, wafanyakazi zaidi ya 150 walikutana hapa Nairobi wakaazimia kuunda chama chao, nao ni vijana waliosoma, wanaokaa mbele ya kompyuta kuchuja picha na maneno ya kutisha ili mitandao ya makampuni ya ng'ambo iwe safi, na ili mashine za akili mnemba zifundishwe. Tarehe ni ile ile ya shirikisho la mwaka 1949, na madai yao, kulipwa kwa haki na kutunzwa afya zao, mafundi wa nguo wa zama zile wangaliyaelewa bila ya mkalimani.

Wakati wangu unakaribia kwisha, nami sijasema lile lililonileta. Nirudi kwenu, mafundi wa nguo. Mnajua ninyi kuliko mimi kwamba katika majengo ya katikati ya mji ziko sasa mashine za kutarizi zinazoongozwa na kompyuta, ambazo hushona beji ya shule juu ya sweta nyingi kwa mara moja, uzi wa rangi hii ukisimama na wa rangi ile ukiingia wenyewe, kazi ambayo mtu wa kutarizi kwa mkono aliimaliza kwa nusu siku. Bei ya mashine kama hiyo ni kubwa mno kwa fundi mmoja wa Kawangware. Kwa hiyo ananunua huduma yake kwa mwenye duka, na mwenye duka ndiye anayepanga bei. Ndiyo hali ya mfuma soksi wa Nottingham aliyekodi mashine kwa tajiri, na mwisho wake mmekwisha kuusikia.

Lakini iko njia ambayo wafumaji wenyewe waliigundua, nyundo zilipokwisha kushindwa. Mwaka 1844, katika mji wa viwanda wa Rochdale, si mbali na Yorkshire, mafundi 28, baadhi yao wafumaji, walichanga akiba zao ndogo, wakafungua duka lao wenyewe lenye unga, siagi, sukari na mishumaa, faida ikigawanywa kwa wanachama. Na kanuni walizoziweka ndizo zilizozaa vyama vya ushirika duniani pote, hata hivi vyetu vya kahawa, vya maziwa na vya akiba na mikopo. Katika jiji hili kila mtu yumo katika chama fulani, chama cha mazishi, chama cha kununua shamba, chama cha akina mama wa mtaa. Kwa nini pasiwe na chama cha mafundi kumi na watano wa Kangemi kinachomiliki mashine moja ya kutarizi, kila fundi akipeleka kazi zake kwa zamu, na bei ikapangwa na wao wenyewe?

Basi ombi langu kwenu ni hili, nanyi mnaomfahamu fundi yeyote mfikishieni. Kesho mkifungua kazi, kabla ya mteja wa kwanza, zungumzeni na jirani wa kushoto na jirani wa kulia, mkafanye hesabu ya kila mmoja anaweza kuweka kiasi gani kwa juma, kisha mwende katika ofisi ya ushirika ya kaunti mkaulize namna ya kuandikishwa. Sheria yetu ya vyama vya ushirika inaridhika na watu kumi, na barazani mwa Biashara Street peke yake mpo zaidi ya hao.